Sehemu ya 9: Yule mama wa kwenye picha ya ukutani



Leo nilipanga tuongee kuachisha ziwa. Tutaongea, msijali. Ila kuna swali limeniingilia kwenye ujumbe juzi, nimeenda nalo zamu ya usiku na nimerudi nalo. Bora tulimalize kwanza.

Ni mdogo wangu mmoja, mama wa watoto wawili. Wamehamia kwao, hongera sana, na sebule ina ukuta mkubwa mweupe. Mume amepata picha mtandaoni anataka kuiagiza, ichapwe kwenye turubai, iwekewe fremu nyeusi. Sio maua, sio twiga. Ni picha ya zamani isiyo ya rangi, wakimbizi wa India mwaka 1947 wanatembea na mizigo kichwani, mbele kuna mama amebeba mtoto. Mume anasema ni sanaa na inafundisha maisha. Mke anasema kila akiitazama roho inamuuma. Na mtoto wao wa miaka minne ameshaiona kwenye simu akauliza, "Huyu mama anaumwa?" Akaniandikia: "Dada nesi, hii si itamdhuru mtoto?"

Jibu fupi nilimpa palepale: picha kama hiyo peke yake haimharibu mtoto, kinachomsumbua mtoto ni kuuliza halafu wakubwa wakabadilisha mazungumzo. Lakini nilipokata simu nikajikuta simuwazi mtoto wake tena. Namuwaza yule mama wa kwenye picha.

Kwa msioijua biashara hii: kuna maduka mtandaoni yanauza nakala za picha za zamani, nyingi zilipigwa kwa ajili ya magazeti. Unachagua ukubwa, unachagua karatasi au turubai, unachagua rangi ya fremu. Mengine yanakuonyesha kabisa picha ikiwa imetundikwa juu ya kochi la kijivu, pembeni kuna ua kwenye chungu, ili uone kwako itapendezaje. Humo utakuta jua linazama baharini, utakuta magari ya kale na wanamuziki, ukiendelea kushuka unakutana na mtu aliyekimbia kwao usiku na watoto. Wote wako kwenye orodha moja.

Sasa nani walikuwa watu hawa? Naomba mnivumilie nieleze kidogo, maana wengi shuleni tulipita hapo mbio.

Mwaka 1947 Waingereza waliondoka India, na nchi ikagawanywa kwa misingi ya dini. Pakistan kwa ajili ya Waislamu, na India ambako Wahindu ndio wengi. Pakistan ilizaliwa Agosti 14, India ikapata uhuru Agosti 15. Mpaka ulichorwa na mwanasheria Mwingereza, Cyril Radcliffe, ambaye hakuwahi kukanyaga India kabla ya kazi hiyo, na alikuwa na kama wiki 5 tu za kuimaliza. Mpaka wenyewe ukatangazwa Agosti 17. Yaani kuna watu walipeperusha bendera siku mbili nzima bila kujua kwa uhakika nyumba yao imeangukia nchi gani.

Mstari ule ulipita katikati ya Punjab na katikati ya Bengal, sehemu ambazo Waislamu, Wahindu na Masingasinga walikuwa majirani kwa vizazi. Mauaji yalikuwa yameshaanza hata kabla, sasa yakawa moto wa nyika. Waislamu wakakimbilia Pakistan, Wahindu na Masingasinga wakakimbilia India. Zaidi ya watu milioni 12 walihama, wengine hukadiria milioni 15. Waliokufa, makadirio yanaanzia laki mbili hadi milioni mbili, na upana huo wenyewe unakuambia kwamba hakukuwa na mtu wa kuhesabu. Msafara mmoja wa watu wanaotembea kwa miguu huko Punjab ulikadiriwa kuwa na watu 400,000. Piga picha akilini, mama: mji mzima uko barabarani, na watoto wake, na ng'ombe wake, na wajawazito wake.

Na sisi wanawake tulikuwa na msiba wetu ndani ya msiba. Inakadiriwa wanawake kama 75,000 walitekwa na kubakwa katika kipindi hicho, wa dini zote, na wanaume wa dini zote. Serikali mbili zikakubaliana baadaye kuwatafuta na kuwarudisha makwao. Wengine walikuwa wameshazaa huko, wakalazimishwa kutengana na watoto wao. Wengine walirudi na ndugu zao wakakataa kuwapokea. Kwa hiyo ukiona kwenye picha ya 1947 mama amejifunika mtandio na ametazama chini, usiwe mwepesi wa kusema "ona alivyo mpole". Hujui amebeba nini.

Mimi nina stashahada ya uuguzi, sio ya historia wala ya sanaa. Lakini kuna kitu nesi anakiona kwenye zile picha ambacho mwenye kochi la kijivu anaweza asikione. Naona macho yaliyozama. Naona midomo iliyokauka. Naona mtoto aliyelala begani vile ambavyo mtoto mzima halali, mikono inaning'inia. Kambi za mwaka ule zilipata kipindupindu, na mvua za Septemba zilileta mafuriko Punjab yakawakuta watu njiani. Kambi ya Kurukshetra ilifika watu karibu 300,000. Hebu fikiria vyoo. Hebu fikiria maji ya kunywa. Mnaonifuata tangu sehemu ya 8, ya kuhara, mnajua mtoto akipoteza maji tunakimbilia nini. Mwaka 1947 paketi ya ORS haikuwepo. Kulikuwa na dripu, kwa wachache waliofika panapo dripu.

Nikwambie jambo ambalo mama wengi hawalijui. Mwaka 1971, Bengal ileile iliyokatwa na mpaka ule ilipata vita nyingine, Bangladesh ikizaliwa. Wakimbizi kama milioni 10 waliingia India, wengi wao Wahindu. Kipindupindu kikaingia kambini. Huko Bangaon, karibu na mpaka, daktari aitwaye Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu. Wagonjwa wamelala chini, hakuna pa kukanyaga. Akaamua kutumia maji ya kunywa yenye sukari na chumvi kwa vipimo, wakayachanganya kwa wingi kwenye mapipa, ndugu wa mgonjwa wanachota wanamnywesha wenyewe, mama anamnywesha mwanawe kikombe kwa kikombe. Vifo vilivyokuwa vinafika kama 30 kati ya kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Wakubwa wa dunia ya tiba walikuwa na mashaka, hawakuamini mama wa kawaida anaweza kuifanya kazi ile. Mama wakimbizi wakawajibu kwa vitendo.

Kwa hiyo ile paketi iliyo kwenye kabati lako la jikoni ina deni kwa watu wale. Kama mkimbizi wa Bengal ameingia nyumbani kwako, ameingia kwanza kupitia pale.

Turudi kwenye picha za 1947. Nyingi zinazozunguka mpaka leo zilipigwa na Mmarekani mmoja, Margaret Bourke-White, aliyetumwa na gazeti la LIFE. Fundi kwelikweli, siwezi kumnyima sifa. Alikuwa mmoja wa waliopiga picha kambi ya mateso ya Buchenwald mwaka 1945 ilipofunguliwa, na ndiye aliyempiga Gandhi akiwa na gurudumu lake la kusokotea uzi. Kuna picha yake ya kijana ameketi juu ya ukuta wa Purana Qila, ngome ya kale ya Delhi ambako maelfu ya Waislamu walijazana wakisubiri usafiri wa kwenda Pakistan. Ameshika kichwa. Chini yake hema na vibanda mpaka jicho linapoishia. Ukiitazama huwezi kuisahau.

Lakini mwandishi aliyekuwa naye safarini, Lee Eitingon, alikuja kusimulia miaka mingi baadaye jinsi picha moja ya msafara ilivyopatikana. Bourke-White aliwarudisha watu nyuma wapite tena, na tena, na tena, mpaka picha ikae sawa. Wale watu walikuwa wanakufa kwa uchovu, na waliogopa kusema hapana.

Hapo ndipo mimi nilipoweka simu chini.

Maana jambo hilo nalijua. Sikulijulia India, nililijulia wodini. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye wodi ya watoto njiti, walikuja wageni na zawadi. Sabuni, nepi, sukari, vitu vya maana kabisa. Wakaomba picha. Mama mmoja alikuwa amemweka mwanawe kifuani ngozi kwa ngozi, gauni limefunguliwa, hajalala siku tatu. Wakamwuliza, "Mama, tukupige?" Akaitikia kwa kichwa. Miezi ikapita. Siku moja akarudi kliniki na mtoto ameshanenepa, lakini uso umekunjamana, akanionyesha kwenye simu: yeye, kifua wazi, kwenye tangazo la wale wageni la kuomba michango. Shemeji yake ndiye aliyelikuta. Akaniambia, "Sista, mimi siku ile hata wangeniuliza kama naitwa nani ningeitikia tu." (Nimebadilisha vitu vidogo hapo ili asitambulike.)

Mama zangu, kuitikia kwa mtu aliyechoka sio ruhusa. Ndiyo maana mgonjwa tunamweleza kabla ya kusaini, tunamuuliza mara mbili, tunahakikisha ameelewa, na akisema hapana ni hapana. Mkimbizi barabarani nani alimweleza? Aliambiwa kwamba miaka 70 mbele atakuwa juu ya kochi?

Na mtu wa kwenye picha huwa haishii pale picha inapoishia. Pakistan hiyohiyo, mwaka 1984, mpiga picha Steve McCurry alimpiga msichana mkimbizi kutoka Afghanistan kwenye shule ya kambini. Yule mwenye macho ya kijani, mmemuona hata kama jina hamlijui. Akatokea kwenye jalada la National Geographic Juni 1985. Dunia ilimjua uso miaka 17 kabla ya kumjua jina: Sharbat Gula, alipopatikana mwaka 2002, mtu mzima, mama wa watoto. Alieleza kwamba siku ile kupigwa picha kulimkasirisha. Na baadaye alisema umaarufu ule ulimletea shida kuliko faida.

Najua mwingine anasema, "Nesi, hao ni Wahindi na Waafghani, sisi yanatuhusu nini?" Haya, njoo karibu. Aprili 1994 watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia kwetu Ngara ndani ya siku moja hivi. Kambi ya Benako ikajaa. Vita yao haikuwa ya dini, lakini barabara ilikuwa ileile: mama, mtoto, kirago, sufuria. Mpiga picha mkubwa Sebastião Salgado alikuwepo, na picha zake za Benako ziko kwenye vitabu na nakala za kazi zake zinauzwa kwa watu wenye uwezo duniani. Sasa wewe unayesoma hapa, ambaye mama yako alipita Rusumo akiwa na wewe mgongoni (najua mpo, mmeshaniandikia), ungependa yule mwenye nyumba ya mbali anayemtazama mama yako kila asubuhi akinywa kahawa awe anajua nini juu yake? Ungependa walau ajue ni mama wa mtu, sivyo?

Sasa msije mkanielewa vibaya mkadhani nasema picha hizi zichomwe. Hapana. Zisingekuwepo, leo kungekuwa na watu wanasema hayakutokea. Na kuna upande mwingine ambao lazima niuseme. Wajukuu wa wale watu wa 1947 wako Lahore, wako Delhi, wako Uingereza na Canada, na wako hapa kwetu pia, maana familia nyingi za Kipunjabi za Afrika Mashariki zina asili yake pande zote mbili za mpaka ule. Wengi babu zao walitoka na nguo za mwilini. Albamu ya familia ilibaki nyumbani ikaungua. Mjukuu wa namna hiyo akitundika picha ya msafara sebuleni, hatundiki pambo. Inawezekana ndiyo picha pekee ya karibu na bibi yake aliyonayo. Kule Amritsar kuna makumbusho ya mgawanyo ule, yalifunguliwa mwaka 2017, na vitu vyake vingi ni vya nyumbani tu, vilivyotolewa na familia: koti lililotariziwa, mkoba wa ngozi, vyombo. Wengine wanakusanya masimulizi ya wazee waliobaki, na wameshahoji zaidi ya watu 10,000. Pale yule mama wa kwenye picha anarudishiwa sauti.

Kwa hiyo picha moja, kwenye nyumba mbili, si kitu kimoja. Nyumba moja inamjua, nyumba nyingine inamtazama tu. Wodini mgonjwa anayetazamwa bila kujulikana tunamwita mgonjwa asiye na faili, na hao ndio tunaowahangaikia zaidi, maana bila faili mtu anageuka kitanda namba fulani.

Basi kama mnataka kuinunua, wewe na mwenzio kaeni mjiulize mambo matatu.

La kwanza: tunajua hawa ni akina nani? Jina huenda hutalipata, lakini mahali, mwaka, na walikuwa wanakimbia nini, vinapatikana. Kama duka limeandika tu "wakimbizi, mashariki" na bei, tafuta kwingine maelezo kabla hujalipa. Na ukishainunua, andika nyuma ya fremu kwa kalamu: wapi, lini, nani alipiga, kwa nini walikuwa njiani. Hiyo ndiyo faili yake.

La pili: hela inakwenda wapi? Kwa kawaida inakwenda kwa mwenye haki ya picha na mwenye duka, haiendi kwa aliye ndani ya picha. Sio dhambi, ndivyo biashara ilivyo. Lakini kama moyo umekuuma kweli, kiasi kama hicho hicho kinaweza kumfikia mkimbizi aliye hai leo, na kwetu Kigoma wapo.

La tatu: mtoto akiuliza, nani atamjibu, na atasemaje? Hapa ndipo kazi yangu inapoingia. Mtoto wa miaka 2 au 3 anaona sura tu. Akiona huzuni atakuja kwako, mkumbatie, mwambie "amechoka, anatembea mbali", inatosha. Wa miaka 4 mpaka 7 anajiuliza kama na yeye anaweza kufukuzwa. Mwambie ukweli bila damu: "Watu waligombana, wakaambiwa wahame. Ni zamani, ni mbali. Hapa tuko salama, na baba na mama tupo." Halafu mwache aulize tena kesho, atauliza. Ukiona anaota usiku, anakojoa kitandani wakati alishaacha, au anakwepa kupita sebuleni, itoe picha bila kesi. Wa miaka 8 na kuendelea mwambie habari nzima, pamoja na hili la dini, tena hili msiliruke. Mwambie wale waliokimbia walikuwa Waislamu, Wahindu na Masingasinga, na waliowakimbiza pia walikuwa hao hao. Mtoto anayekua na rafiki wa msikitini na rafiki wa kanisani anahitaji kulisikia kutoka kwako kabla hajalisikia vibaya kwingine.

Mkiweza kujibu yote matatu, nunueni, itundikeni, na isiwe juu ya televisheni. Kama hamuwezi, ukuta mweupe hauna kosa. Waulizeni bibi na babu zenu walihamahama vipi mpaka mkafika hapo mlipo, mkatundike picha yao. Karibu kila ukoo una safari yake ambayo hakuna mtu ameiandika.

Kwenye maoni naomba hivi leo: kama kwenu kuna bibi au babu aliyewahi kukimbia, wa nchi yoyote, wa dini yoyote, niandikie jina lake la kuitwa nyumbani tu na kitu kimoja alichofanikiwa kukibeba. Nitayasoma yote, ila taratibu, kesho naingia asubuhi.

Alhamisi ni kuachisha ziwa, safari hii kweli. Na angalia kabatini, kama paketi ya ORS imepita tarehe, kanunue nyingine.